Nilivyonunua maiki na spika za kwaya Dodoma bila kupigwa

Kila niliyemuuliza alinijibu kitu kimoja: "Dada, chagua spika nzito, nzito ndiyo orijino." Ushauri huu unanikera mpaka leo. Uzito wa spika unaongezwa na kipande cha chuma tu kikifungwa ndani ya boksi, nani atafungua?

Tulitaka maiki za Shure SM58. Maiki hii ipo sokoni tangu 1966, na inaigwa mno. Duka moja kule Majengo wakanitajia elfu hamsini. Marekani kwenyewe inauzwa karibu dola 100, bado nauli na ushuru, sasa hiyo ya elfu hamsini imefikaje Dodoma? Muuzaji akasema mzigo wanaufuata wenyewe Kariakoo. Akafungua boksi: nembo safi, kipochi, hadi kikaratasi cha maelezo. Kwa macho huwezi kubisha. Nikamwomba tusogee kwa mama jirani anayeuza viungo, ana mzani wa digitali. SM58 halisi ina gramu 298, kiwanda chenyewe kimeandika. Ya kwake ilisoma mia mbili thelathini na kitu. Akasema mzani mbovu! Yule mama hakulipenda neno hilo hata kidogo. Akaweka pakiti ya chumvi ya nusu kilo, ikasoma mia tano na ushee, akamtazama bila kusema kitu. Jamaa akachukua maiki yake akaondoka. Nilifurahi sana siku ile.

Ila zipo feki zilizojazwa zikafikia uzito, kwa hiyo beba waya wako mkaijaribu palepale. Niliyoijaribu duka jingine ilikuwa na sauti nyembamba, na kila nikihamisha vidole mkwaruzo unasikika kwenye spika.

Kwenye spika, maandishi makubwa ya mbele yapuuze. Hizo "wati 12,000 PMPO", yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, hazikuambii chochote, ulizia RMS, wati ambazo spika inazitoa mfululizo. Kisha igeuze usome fyuzi. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo fyuzi ya ampea 2 ni wati 460 hivi. Spika inayovuta hizo itatoaje wati 3,000 ibada nzima? Muuzaji mmoja nilimpigia hesabu hiyo kwenye simu yangu, bei ikashuka yenyewe kutoka laki tisa hadi laki nne na nusu. Sikuichukua. Na wale wanaokusimamisha barabarani na gari, eti oda imezidi wanakupa kwa bei ya kutupa, usiwafungulie hata mazungumzo.

Mwisho tulinunua kwa muuzaji aliyekubali tupime na kujaribu kila kitu mbele ya fundi wetu, milioni mbili na kidogo. Risiti ya EFD nilikataa iandikwe "vifaa" tu, nikataka jina la modeli. Ukiuziwa feki, risiti ya namna hiyo ndiyo unayokwenda nayo Tume ya Ushindani, FCC, maana bidhaa bandia ni kazi yao.