Tafakari ya wiki: Njoo kesho (Mithali 3:27-28)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno la wiki hii limenikaa kooni tangu jana, naomba mnivumilie.

Mnakumbuka Jumatano kwenye ibada ya nyumbani tuliongea sana habari za matajiri na maskini, na mimi ndo nilikuwa mbele. Nikawapa zile hesabu za ripoti ya 2022 ya mgawanyo wa mali duniani, kwamba asilimia 10 ya watu walionacho zaidi wanashikilia asilimia 76 ya mali yote, halafu nusu nzima ya watu wa dunia, nusu jamani, wameachiwa asilimia 2. Nikasema chukua sinia moja la pilau wamekaa watu kumi, mmoja kajivutia robo tatu na zaidi, wanne wanagawana iliyobaki, watano wanaokota punje. Mkasema amina kwa nguvu.

Sasa asubuhi ya siku hiyo hiyo mama anayenifulia alikuwa kamaliza kazi, nguo zote kaanika, ananisubiri mlangoni. Elfu kumi na tano. Hela ninayo kwenye simu, ila nina haraka, nikamwambia mama njoo kesho basi, nikawasha gari. Kesho yake nikachelewa kurudi. Jana Ijumaa jioni ndo nimemkuta kakaa kwenye tofali nje ya geti, kandambili kazivua kaziweka pembeni, miguu vumbi tupu mpaka kwenye magoti, katoka Goba kwa mguu mpaka huku Mbezi Beach maana nauli hana. Na aliyeanza kuomba msamaha ni yeye. "Mama Junior samahani nakusumbua."

Nikamkaribisha ndani, akakataa kukaa kwenye kochi, akasema atachafua. Kidogo kidogo akaniambia. Alhamisi ilikuwa siku ya marejesho, ana ule mkopo wa riba kubwa tunaouita kausha damu, na hela yangu ndo ilikuwa rejesho. Hakuwa nayo. Wakaja wakabeba mtungi wa gesi, na akitaka kuukomboa alipe rejesho pamoja na faini. Tangu juzi anapikia kuni za kuokota, na anasimulia hivyo hivyo kwa sauti ya kawaida, hanilaumu, yaani kama anasimulia mvua imenyesha.

Wapendwa usiku sikulala. Nikafungua Mithali 3, na pale Suleimani anasema usimnyime mtu haki yake ikiwa mkononi mwako kuna uwezo, usimwambie jirani nenda, urudi, kesho nitakupa, na kumbe unacho karibu nawe. Unacho karibu nawe! Simu ilikuwa mkononi. Nikaenda Kumbukumbu la Torati 24, kibarua alipwe siku ile ile kabla jua halijazama, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautegemea ujira ule. Nimesoma huo mstari miaka na miaka, sikuwahi kuiona hiyo sababu. Kwangu mimi kesho ni siku tu kama siku nyingine, friji ina chakula, umeme wa Luku upo. Kwake yeye kesho ina bei, na aliyeilipa ni yeye wakati aliyeichelewesha ni mimi.

Na nadhani hapa ndo tunapokosea tukiongelea usawa, tunafikiri ni habari ya huruma tu, mwenye nacho akijisikia atoe. Mungu hakuiacha kwenye kujisikia. Aliiweka kwenye sheria, tena yenye siku na mipaka. Walawi 19, pembe za shamba usizivune, hizo ni za maskini na mgeni. Walawi 25, mwaka wa hamsini ardhi irudi kwa wenyewe, ili ufukara wa babu usiwe urithi wa mjukuu. Sheria ina nguvu jamani, kwa kujenga na kwa kubomoa. Afrika Kusini mwaka 1913 watawala wazungu walitunga sheria ya ardhi, Waafrika ambao ndo wengi wakabakiziwa kama asilimia 7 tu ya nchi, na mpaka leo ile nchi ikipimwa pengo la kipato inakuja juu kabisa duniani, zaidi ya miaka 100 baadaye. Wenzetu wa Norway na Sweden nako matajiri wapo, ila kodi ni kubwa na inarudi kwa wananchi kama shule na matibabu, pengo likawa dogo. Na sisi tulijaribu, Azimio la Arusha 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Najua kuna wanaosema ujamaa ulituletea foleni za sukari, na kweli foleni zilikuwepo, lakini lile sharti la viongozi lilikuwa jema na mimi nasikitika lililegezwa kule Zanzibar 1991.

Hata hili jiji letu la Dar, wakoloni walilipanga kwa sheria, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi katikati ili wa Kariakoo, yaani wa Uswahilini, asikaribiane sana na wa mjini. Sa hivi hakuna sheria hiyo. Ila kuna geti langu, na mama wa watu kakaa nje yake kwenye tofali.

Naomba nitaje na wadada wa ndani, maana humu wengi wetu tunao. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilitaja kima cha chini 60,000 kwa mwezi kwa dada anayelala kwa mwajiri, yaani mwajiri wa kawaida kama sisi. Ilikuwa ndogo sana, na bado kuna wanaoambiwa nakutunzia, utachukua ukienda kwenu Krismasi. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unalia. Haisemi mfanyakazi tu ndo analia, inasema na ujira wenyewe unapiga kelele, na Bwana wa majeshi anasikia. Kwa hiyo zile hela mlizowatunzia zinalia huko zilipo wapendwa.

Jana hiyo hiyo nilimtumia yule mama hela yake, na ya kutolea, na ya kukomboa mtungi pamoja na faini yao. Hiyo ya mtungi sijaihesabu sadaka, ni deni langu.

Naandika hii Jumamosi saa kumi jioni. Kama kuna fundi, bodaboda, mama wa mboga au dada wa ndani uliyemwambia njoo kesho, jua la Dar linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, bado muda upo.