Nzige wa jangwani: mshike mmoja, uangalie kama ni dume au jike

Ile 2020 nzige walipoingia Kenya wakitokea Somalia na Ethiopia, kila mtu alikuwa anapiga picha za wingi wao, anga limejaa, watu wanagonga sufuria na madebe, na kundi moja kule kaskazini mashariki lilikadiriwa kufunika kama kilomita za mraba 2,400. Sawa, wingi unatisha. Lakini kinachoniuma mpaka leo ni kwamba huku vijijini hatukufundishwa kumshika nzige mmoja na kumkagua, ni dume ama jike, ana rangi gani, maana hapo ndo kuna habari.

Jike ni mkubwa kuliko dume. Kama unasita angalia mwisho wa tumbo, jike ana vincha vigumu vya kuchimbia mchanga, dume kwake pameviringika na kuinuka kidogo. Sasa sikia hii: nzige wakikulia mbalimbali, mmoja huku mwingine kule, jike anamzidi dume kwa mbali sana, ila wakikulia kwa msongamano ile tofauti inapungua, jike wa kundini anakuwa mdogo kuliko jike mpweke. Na ni mdudu yuleyule! Boris Uvarov, mtaalamu wa wadudu, alishaeleza tangu 1921 kwamba nzige mpweke na nzige wa kundi wanaweza kuwa spishi moja yenye sura mbili, na 2009 wanasayansi wakaonyesha kwamba kwa hawa wa jangwani kule kusuguana miguu ya nyuma tu kunapandisha serotonini, kemikali ya mishipa ya fahamu, mwilini na kwa masaa machache mpweke anaanza kutafuta wenzake.

Mtu anaweza kudhani jike akipungua mwili basi ni nafuu kwetu. Hapana. Ni kweli jike wa kundi anataga mayai machache, kwa kawaida hayafiki 80 kwa mfuko mmoja wakati mpweke anaweza kupita 100, lakini yai lenyewe ni kubwa zaidi na tunutu, yaani mtoto wa nzige, anatoka mkubwa, mweusi, tayari kuandamana na wenzake. Yaani mama kashaandaa watoto wa vita kabla hawajaona jua.

Halafu kuna suala la madume na majike kukaa mbalimbali, hili mimi nalipenda sana. Koutaro Ould Maeno, mtafiti Mjapani aliyefanya kazi miaka mingi Mauritania, na wenzake walichapisha 2021 kwamba kwenye makundi ya nzige waliokomaa madume hujikusanya sehemu yao ya wazi, majike wanakaa kwingine wakikuza mayai bila kusumbuliwa, na jike anakuja kwa madume mayai yakishakuwa tayari, wanapandana, halafu anataga usiku huo dume akiwa bado mgongoni anamlinda asichukuliwe na mwingine. Kwa hiyo ukikuta kundi karibu lote ni madume ya manjano yamekaa kwenye udongo mtupu, usiseme hawa hawali basi hawana shida, hapo ndo majike wanakuja kutua.

Rangi nayo inasema. Wale wa kwanza kwetu walikuwa wa pinki, hao ni wachanga, wanakula na kuruka mbali lakini hawatagi bado. Wakishageuka manjano wamekomaa, na dume ndo anang'aa zaidi. Sisi tukawa tunashangilia wakiondoka shambani, kumbe mayai yameachwa chini, kama sentimita 10 kwenye mchanga wenye unyevu, na baada ya wiki mbili hivi kukiwa na joto tunutu wanatoka. Tunutu hana mabawa kwa mwezi mzima na zaidi, anatembea tu, na hapo dawa kidogo inafanya kazi kubwa kuliko ndege ya kunyunyizia dawa kumfukuza angani akishaota mabawa.

Ndio maana nasema, ukimpigia simu afisa wa kilimo wa wadi usimwambie tu nzige wamekuja wengi. Mwambie ni pinki au manjano, wamepandana au la, wengi ni madume au majike, udongo wa pale ni mchanga au mfinyanzi, na walilala wapi usiku. Hapo akirudi baada ya wiki mbili anajua aende kuchimba na kutafuta tunutu wapi.