Nenda Kwenye Kona Isiyofyekwa

Watu wakishajua kwamba mimi huvua samaki kwenye bustani za jiji, swali lao huwa ni lile lile: bwawa gani? Siwanyimi, nawatajia. Wiki inayofuata wananirudia wamenuna, pale hakuna kitu. Nawauliza walikaa wapi. Kwenye benchi, mbele ya chemchemi, mahali ambapo nyasi zimekatwa sawasawa na picha zinatoka vizuri. Hapo hata mimi sipati kitu.

Nina msimamo mmoja kuhusu bustani, na wanaozitunza hawaupendi: kona iliyosahauliwa ndiyo yenye samaki. Pale palipoota matete, pale mti ulipoangukia majini na hakuna aliyekuja na msumeno, pale ambapo nyasi zinakufika magotini. Samaki mdogo hukaa anakopata wadudu na anakoweza kujificha mdiria asimwone. Samaki mkubwa hukaa alipo mdogo. Bwawa lililozungushiwa zege na kufyekwa mpaka kwenye maji linapendeza kwa picha za harusi, ila kwa samaki ni ukumbi usio na kiti hata kimoja.

Kwa hiyo bustani nikiifikia mara ya kwanza, ufito nauacha nyumbani. Naenda na miguu yangu na ile miwani inayokata mng'ao wa maji, nazunguka bwawa lote polepole. Kwanza natafuta ukuta. Mabwawa mengi ya bustani zamani yalikuwa vijito, akaja mtu akaviziba. Serpentine, lile ziwa la Hyde Park jijini London, lilipatikana hivyo: mwaka 1730 Malkia Caroline aliamuru mto Westbourne uzibwe, na maji yakajaa bondeni. Maziwa ya Central Park kule New York nayo ni kazi ya mikono ya watu, yalitengenezwa baada ya mchoro wa Olmsted na Vaux, wabunifu wa bustani hiyo, kushinda shindano la mwaka 1858, ingawa ukitembea kando yake unaweza kuapa yamekuwepo tangu gharika ya Nuhu.

Habari hizi si za kujionesha tu kwamba nimesoma. Ukijua kijito kilizibwa wapi, umeshajua kina bila kutia kamba majini. Karibu na ukuta ndiko kwenye kina kirefu. Kule kijito kinakoingilia maji ni mafupi na chini kuna tope lililoletwa na mvua. Jua likiwa kali mchana, samaki hurudi upande wa ukuta. Asubuhi na jioni hutoka kwenda kula kwenye maji mafupi. Mimi nami nahama nao, na ndiyo maana sibebi kiti.

Kisha naangalia upepo. Ukivuma tangu asubuhi kutoka upande mmoja, kila kinachoelea huishia ng'ambo: mbegu, wadudu waliofia majini, majani, povu, na kwa bahati mbaya chupa za plastiki. Wapita njia huukimbia upande huo kwa sababu unaonekana mchafu. Mimi ndiko ninakotua mfuko wangu. Chakula kimeshasukumwa huko, na samaki wanajua.

Kuhusu saa, wavuvi wengi husema alfajiri, basi. Si kila siku. Maji ya baridi hubeba hewa ya oksijeni nyingi kuliko maji ya moto: yakiwa na nyuzi 10 za Selsiasi, lita moja huweza kubeba miligramu 11 hivi, yakifika nyuzi 30, zinabaki kama 7 na nusu. Halafu kuna mimea. Mchana, mwani na magugu hutoa oksijeni. Usiku nayo huivuta kama viumbe wengine wote. Katika msimu wa joto, bwawa lenye magugu mengi huwa limebaki na oksijeni kidogo kuliko wakati mwingine wowote pale kabla tu ya jua kuchomoza. Ndipo unapowakuta perege wamepanga midomo juu ya maji. Mgeni hufurahi, akadhani wana njaa, akawatupia chambo mbele ya pua. Hawageuki. Wanatafuta pumzi, nani atakula akiwa amekabwa?

Siku kama hiyo, ile chemchemi niliyoibeza hapo juu hupata heshima yake, kwa sababu maji yanayorushwa hewani hurudi na oksijeni. Kwenye mdomo wa kijito ni vivyo hivyo, na chini ya bomba lolote linalomwaga maji safi. Ama ungoje jua lipande, magugu yaanze kazi, samaki wachangamke. Kambare yeye hana shida na haya. Ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo hustahimili tope ambalo lingemuua perege. Ukitaka kambare, njoo giza likiingia, kama bustani haifungwi, na utupe chambo chini kabisa.

Kukaa kwenyewe kuna adabu yake. Mwanga ukiingia majini hupinda, hivyo samaki huiona dunia yetu yote ikiwa imebanwa ndani ya duara lililo juu ya kichwa chake, lenye upana wa pembe ya nyuzi 97 hivi. Nje ya duara hilo, uso wa maji kwake ni kioo. Mtu aliyesimama wima ukingoni amejiweka mwenyewe ndani ya duara, tena na kivuli chake. Aliyechuchumaa nyuma ya matete anaonekana kidogo sana pembeni, au haonekani. Na hata samaki asipokuona, ana ule mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji. Ukikanyaga ukingo wa udongo kwa kishindo, umeshabisha hodi. Ndiyo maana sehemu ambazo njia ya wakimbiaji inapita karibu sana na maji huwa naziruka, hata kama zina kivuli kizuri.

Kuna kitu kimoja ningependa kila anayetembelea bwawa akione, awe mvuvi au la. Kwenye maji mafupi yenye mchanga, maji yakiwa yametulia, tafuta mashimo ya duara yaliyochimbwa chini, moja karibu na jingine. Ni vitalu vya perege. Dume huchimba, huondoa kokoto kwa mdomo, kisha hulinda shimo lake na kumfukuza kila anayesogea. Jike huja, hutaga, halafu huyachukua mayai yake mdomoni na kuondoka nayo. Huyaatamia humo humo mpaka yaanguliwe, na hata baadaye vifaranga vikishtuka hukimbilia mdomoni mwa mama. Nimewahi kusahau kabisa kwamba nilikuja kuvua, nikaishia kutazama ugomvi wa madume wawili juu ya mpaka ambao mimi siuoni. Ndoana siitupi hapo. Dume anayelinda shimo hudaka chochote kwa hasira, na kumpata mtu aliyefungwa na kazi ya nyumbani kwake si ufundi.

Vifaa sitavizungumza sana, maana watu hununua vingi kuliko wanavyovua. Ufito unaoingia ndani ya mwenzake ili utoshee kwenye mfuko wa mgongoni na usimchome mtu jicho ndani ya basi. Mshipi mwembamba. Boya dogo kuliko unavyodhani linafaa, kwa sababu samaki wa bustani wamezoea watu na wakihisi uzito hutema. Ndoana nazo, namba zikipanda ndoana inapungua: namba 14 ni ndogo kuliko namba 6, ukishuka hadi namba 1, hesabu hugeuka, 1/0, 2/0, na hapo namba kubwa ndiyo ndoana kubwa. Kwa perege wa bwawani mimi hukaa kati ya 10 na 14, na nyungunyungu nusu, si mzima. Kijino cha ndoana nakibana kwa koleo kabla ya kuanza, ili samaki atoke bila kuraruka mdomo.

Chubwi langu, kile kizito cha kuzamisha ndoana, si la madini ya risasi. Ndege wa majini humeza kokoto ili zisage chakula tumboni, na machubwi madogo yaliyodondoka huwa hawayatofautishi na kokoto, wakafa kwa sumu ya risasi. Uingereza ilipiga marufuku machubwi madogo ya risasi mwaka 1987 kwa sababu ya vifo vya batamaji. Vipande vya mshipi nilivyokata navitia kwenye chupa yenye kifuniko, narudi navyo. Yangeyange aliyefungwa mguu na nailoni haombi msaada, anaruka nayo mpaka inaswe kwenye tawi.

Watu wa kuwauliza habari ni wafagiaji na askari wa bustani, kuliko wavuvi. Mvuvi atakudanganya, tena kwa uso mkunjufu. Askari mmoja alinikuta nimejikunja kwenye nyasi ndefu, nusu mwili haupo.

"Dada, hapo si pa kukaa."

"Kaka, kibao kinasema kuvua ruksa kuanzia darajani kuja huku."

"Kuvua ruksa. Nakuambia kuhusu nyoka."

Nilihamia pembeni kidogo, penye nyasi fupi kiasi cha kuona ninapokanyaga. Akasimama, akaangalia boya langu kwa dharau ya mtu aliyeona makubwa zaidi, akasema usiku akipita na tochi huona kambare wenye vichwa kama hivi, akaweka viganja viwili pamoja, chini ya nguzo ya pili ya daraja. Haikuwa porojo. Mtu anayelipwa kutembea kando ya bwawa usiku kucha anajua mambo ambayo mimi ningeyatafuta mwaka mzima. Kibao nacho kisome. Bustani nyingi zina upande wa kuvua na upande wa ndege, nyingine hutaka kibali, nyingine humtaka kila samaki arudishwe majini, kama ilivyo kule Harlem Meer ndani ya Central Park.

Nje kidogo ya jiji kuna aina nyingine za maji. Mabwawa ya maji ya kunywa huwa na walinzi na masharti, na kingo zake za mawe zinateleza. Naenda kwa nadra. Mabwawa ya kulipia, ambako samaki hufugwa na kushiba vyakula vya punje, ni mahali pazuri pa kumfundisha mtoto. Mtu mzima akitoka hapo anajisifu, mimi hunyamaza. Ninaipenda zaidi mifereji ya zamani na mito inayopita nyuma ya viwanja vya mpira, ambako hakuna benchi wala kibanda cha picha.

Samaki wa bustani siwali. Mvua ikinyesha, maji ya barabarani huingia bwawani na mafuta ya magari, vumbi la breki na kila kilichomwagwa kwenye mtaro. Metali nzito hubaki kwenye tope, huingia kwa vijidudu, kisha kwa samaki, na samaki mzee mla wenzake hukusanya zaidi. Baada ya mvua kubwa sivui kabisa kwa siku moja au mbili. Na maji yakifunikwa na utando mzito wa kijani unaonuka, sitii hata mkono: mara nyingi ni bakteria wanaofanana na mwani, na baadhi yao wana sumu inayoua mbwa aliyekunywa kidogo tu. Mkate mnaowatupia bata nao huchangia, unaoza na kuulisha huo huo mwani.

Basi nikipata samaki, nalowanisha mikono kwanza ili nisimtoe ule ute unaomkinga na magonjwa, namtoa ndoana akiwa bado majini, namwachia. Jirani yangu huniona narudi mikono mitupu na kila mara hunipa pole.

Bustani moja ninayoipenda imeanza kumwaga zege upande wa kijito. Wameng'oa matete, wamepanga mawe meupe, na wameweka taa. Nimewaandikia barua kuwaomba waache walau hatua chache za ukingo zisifyekwe, upande ule ambao hauonekani kutoka lango kuu. Hawajajibu. Kwa sasa nimehamia kwenye mfereji wa nyuma ya uwanja wa mpira. Magugu yananifika kiunoni, mpira hutumbukia majini kila nusu saa na vijana huja kuuopoa kwa makelele, na bado juzi kambare amekata mshipi wangu mchana kweupe. Nikirudi nitakuwa na mshipi mnene zaidi.