Siku konda alipompa mzee bigapu

Mzee wangu alikuwa dereva wa daladala, Gongo la Mboto–Kariakoo kupitia Buguruni, na kusifia mtoto kwake ilikuwa mwiko kabisa, ukimgusia tu anakujibu mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kesi imeisha. Sasa matokeo ya fom foo yametoka nimemfuata kijiweni asubuhi namwambia mzee nimepata divisheni wani, akasema "haya panda mbele twende".

Kipindi hicho flaiova ya Mfugale bado, ile imefunguliwa 2018, kwahiyo foleni ya Tazara mnakaa mpaka madereva wanazima magari. Ndo tupo hapo, joto kali, abiria wanagombania chenji, na konda wetu alikuwa mtu wa ragga kufa mtu, hiyo bigapu, yaani kumpa mtu sifa zake, iliyotoka Jamaika ikaja kwetu na miziki yao na watangazaji wa redio ilikuwa haimtoki mdomoni. Akagonga bodi: "Mama zangu, wazee, tulieni kidogo! Huyo dogo mbele ni mtoto wa dereva, kapiga wani fom foo! Mpeni mzee bigapu yake!"

Aisee gari zima makofi. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo zake anaenda Feri kufuata samaki akapiga vigelegele mpaka watu wa daladala la pembeni wakachungulia, "hongera baba, umelea!" Kuna watu wanasema kusifiana kwa sauti namna hiyo ni majigambo, mimi sikubali hata kidogo, kwasababu wani yangu niliisikia pale, siyo kwenye karatasi niliyoprinti.

Abiria mmoja akauliza dogo anataka kusomea nini. Kabla sijafungua mdomo mzee kajibu yeye, injinia huyo! Halafu akaendelea, eti umeme wa LUKU ukiisha nilikuwa naenda kusomea kwenye taa ya duka la jirani, eti fizikia kwenye mtihani wa moku niliongoza darasa, vitu ambavyo sijawahi kumwambia hata siku moja, kumbe mama alikuwa anamsimulia kila kitu na yeye mwenyewe usiku akirudi anapita pale dukani ananiangalia kwa mbali bila kuniita.

Trafiki akaturuhusu, tukakunja kuelekea Buguruni anaongea tu. Tukashusha, tukapakia wengine, nikamsikia anageuka nyuma anawaanzia na wale wapya: "Jamani mnamuona huyu hapa mbele? Mwanangu huyu."