Nilivyoacha kukimbizana na bei ya jirani

Aliyeniponza ni shemeji yangu, na nimeshamsamehe, karibu. Nilipomwambia naanza kulea watoto wa watu nyumbani kwangu, hakungoja hata nimalize. "Shemeji, hilo dogo. Uliza yule mama wa nyuma anatoza ngapi, wewe weka chini yake kidogo. Watakuja kama nyuki." Nikaweka chini yake kidogo. Na kweli walikuja kama nyuki, ila nyuki wanauma, na hilo hakulisema.

Wiki ya tatu nilikuwa na watoto tisa, wanne kati yao bado wanatambaa. Nikamchukua binti wa kunisaidia. Kila aliyeniuliza hali nilimjibu kwamba biashara imechanganya. Mwisho wa mwezi nikakaa na daftari: nikatoa chakula, sabuni, maji, umeme, dawa ya kupigia deki, nepi za dharura (wazazi wanasahau, na ukiwadai unaonekana mchoyo), nikamlipa binti. Kilichobaki kilikuwa kama theluthi ya alichoondoka nacho yeye. Mwenye mali nimezidiwa mshahara na niliyemwajiri, tena yeye Jumamosi amelala, mimi nafua mashuka! Nikajaribu kugawa kile kiasi kwa saa nilizofanya kazi, 55 kwa wiki. Nikafunga daftari kabla jibu halijatoka.

Sasa, mtu mwenye akili angepandisha bei. Mimi nikaona nitakimbiwa, basi bei nikaiacha palepale, nikaanza kuongeza vijitozo pembeni. Hela ya sabuni. Hela ya kuchemsha maji. Hela ya mtoto anayelala mara mbili kwa siku, maana shuka linachafuka mara mbili. Kichwani niliona nimepata bonge la ujanja. Mama mmoja mpole sana akaisoma ile karatasi, akaigeuza nyuma, akaniuliza: "Dada, na hewa wanayovuta mmeshaipangia, au ni mwezi ujao?" Nilicheka naye, ila usiku sikulala vizuri.

Kituko cha pili kilikuwa faini ya kuchelewa. Wazazi wawili watatu walikuwa wanafika nusu saa baada ya muda, wanaomba radhi, jasho linawatoka. Nikasema dawa yao ni faini, tena ndogo, nisionekane mkali. Wiki hiyohiyo radhi zikakoma, na kuchelewa kukaongezeka! Baba mmoja alifika giza limeshaingia, akaniwekea hela mezani, akasema "asante kwa huduma" kama mtu aliyetoka kinyozi. Nilidhani nina mkosi, hadi nilipokuja kusoma kuhusu wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, ambao utafiti wao ulichapishwa mwaka 2000. Walifuatilia vituo 10 vya watoto mjini Haifa, Israeli, na 6 kati yake vikaanza kutoza faini ndogo kwa wanaochelewa. Wachelewaji wakaongezeka, kama mara mbili ya mwanzo, na hata faini ilipofutwa hawakurudi kwenye adabu ya zamani. Aibu ilikuwa inawawahisha. Faini ikaigeuza aibu kuwa bidhaa. Kwa hiyo sikuifuta, maana nisingepata kitu. Niliipandisha ikawa inauma kwelikweli: robo saa ya kuchelewa ni sawa na nusu ya ada ya siku. Yule baba sasa anafika kabla hata mwanawe hajavaa viatu.

Kilichonifungua macho zaidi ni kwenda kumsalimia mshindani wangu. Kwa muda wote huo sikuwahi kukanyaga kwake, nilikuwa namwazia vibaya tu: anawezaje kutoza vile, lazima anawalaza njaa. Nikafika, nikakaribishwa. Nyumba ni yake, hana kodi. Mama yake mzazi anashinda pale, anabeba watoto kutwa nzima bila kulipwa senti. Na wasiotembea hachukui kabisa. Bei yake ilikuwa halali kabisa, kwa maisha yake. Mimi nina kodi, nina binti wa kulipa, na nusu ya watoto wangu wanabebwa. Nilikuwa nimevaa viatu vya mwenzangu halafu nashangaa vinanibana.

Niliporudi nikaanza upya, na sikuanza na bei, nilianza na mikono. Hapa lazima nieleze vizuri kwa sababu najivunia. Nilijiuliza: moto ukiwaka jikoni sasa hivi, mimi na binti tunaweza kuwatoa wangapi kwa safari moja? Badala ya kukisia, tukajaribu. Nikachukua mito, nikaifunga kwa khanga iwe na uzito wa kushikika, nikaitawanya vyumbani, binti akapiga kelele "moto!" na tukakimbia. Safari ya kwanza nilitoka na mito mitatu, mmoja ukaanguka mlangoni, nikaukanyaga. Ya pili nilitoka na miwili salama. Ya tatu tukaongeza sharti kwamba binti awe anawaongoza watatu wanaotembea, na hapo akaweza mto mmoja tu. Jirani wa mbele alituona tunatoka mbio na matandiko, akaja kuuliza kwa upole kama tumefukuzwa nyumba. Jibu likapatikana: wasiotembea watatu, wanaotembea watatu, basi. Sita. Ukiniuliza mbona si tisa, nina mto wenye alama ya kiatu changu.

Hesabu yenyewe ikawa nyepesi. Nilijumlisha kodi ya vyumba wanavyotumia, mshahara wa binti, umeme, na mshahara wangu mwenyewe, niliouandika juu kabisa ya orodha badala ya kungoja makombo. Halafu nikagawa kwa watano, si kwa sita. Nafasi moja huwa wazi muda mwingi, mtoto amehama au amefikisha umri wa shule. Tuseme jumla ni mafungu 60: ukigawa kwa sita kila mtoto ni 10, na siku mmoja akiondoka umeanza kukopa. Ukigawa kwa watano ni 12, na huyo wa sita akiwepo ndiye anayenunua godoro jipya. Chakula na sabuni ni juu ya hapo. Asiyetembea analipa theluthi zaidi, kwa sababu anakula mikono. Wa nusu siku analipa kama asilimia 70, maana ile nusu iliyobaki hakuna anayekuja kuinunua.

Jumla ikatoka zaidi ya mara moja na nusu ya bei ya mama wa nyuma. Nilitetemeka. Niliwapa wazazi notisi ya miezi miwili kwa maandishi, mistari mitano, sikuomba msamaha mahali popote. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "samahani" nne, nikazifuta moja moja kama mtu anayeng'oa miiba. Waliondoka wanne. Mmoja alirudi baada ya mwezi hivi, sikumuuliza kitu, na nyie msiulize. Ada inalipwa mwanzo wa mwezi, ya nafasi na si ya mahudhurio, mtoto akiwa na mafua au akienda kwa bibi. Hili ndilo lililoleta maneno mengi kuliko bei yenyewe. Punguzo la ndugu wawili nililijaribu, nikaliondoa. Wa pili anachafua nepi kama wa kwanza.

Yule mama wa nyuma siku hizi ananiletea wateja. Mzazi akifika kwake na mtoto asiyetembea, anamwelekeza kwangu. Mimi nikijaa, au mtu akiniambia bei imemshinda na mwanawe anatembea, namwelekeza kwake, na sisemi neno baya.

Mwezi uliopita shemeji amekuja na mwanawe wa miaka mitatu. Nikamtajia ada. Akakunja uso, "Mbona kule nyuma ni nafuu, shemeji?" Nikatoka naye hadi mlangoni, nikamwonyesha njia.