B12 yangu na vidonge vya majira

Jumamosi, usiku

Majibu ya damu yametoka na B12 imeandikwa kuwa chini kidogo ya kawaida. Dada alipoiona ile karatasi akasema papo hapo: "Si nilikwambia hivyo vidonge vinakula vitamini?" Sijamjibu bado. Nimeshinda nasoma, na ninayoyaandika hapa ndiyo nitakayomwambia.

Vidonge vyangu vina homoni mbili, estrojeni na projestini. Mwanamke anayevimeza, protini mojawapo inayobeba B12 kwenye damu hupungua. Vibebaji vikipungua, kipimo cha jumla nacho hushuka, hata kama B12 inayofika kwenye seli inatosha. Kipo kipimo kingine, cha asidi ya methilmaloniki, ambayo hupanda pale seli zinapokosa B12 kweli. Hicho ndicho nitakachomwomba daktari kabla ya kukubali kwamba nina upungufu. Angekuwa mtu asiyegusa nyama, mayai wala maziwa, au anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka, ningekuwa na wasiwasi zaidi.

Vitamini D ni kinyume chake. Estrojeni huongeza kibebaji chake, kipimo kikaonekana kizuri, kisha kikashuka ukiacha vidonge. Na madini ya chuma? Hedhi yangu ilikuwa nzito mno, ya kunimaliza nguvu. Tangu nianze vidonge imekuwa nyepesi, na damu nisiyoimwaga ni chuma kinachobaki mwilini. Mbona hili halisemwi?

Linaloniumiza hasa ni foleti, yaani vitamini B9. Tafiti kadhaa zimeikuta ikiwa chini kwa wanaotumia vidonge. Kwa asiyetaka mimba pengine si jambo kubwa. Lakini mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi baada ya mimba kutunga, wakati wengi wetu hatujajua hata kama tumeshika. Foleti ikipungua wakati huo, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi huongezeka. Tena ukiacha vidonge unaweza kushika mimba mwezi huohuo. Ndiyo maana hushauriwa mikrogramu 400 za foliki asidi, yaani foleti ya kutengenezwa, kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla. Kila anayekabidhiwa pakiti ya vidonge angeambiwa hivyo siku ileile, si akiwa tayari ana mimba ya miezi mitatu.

Dada mwenyewe anachoma sindano ya kila miezi mitatu. Hiyo haina estrojeni, kwa hiyo maelezo yangu ya B12 hayamhusu. Yake ni mifupa, ambayo uzito wake hupungua kidogo akiwa anaitumia na kwa kawaida hurejea akiacha. Nitamwambia aulizie hilo kliniki, pamoja na kalsiamu.

Mimi na mume wangu tunafikiria mtoto mwakani. Vidonge naendelea navyo kwa sasa, na foliki asidi naianza kesho.