Nilivyoacha kushona usiku presha ilipopanda

Fundi wa nguo huona kiuno cha mtu kikipanuka kabla daktari hajamwona. Daftari langu la vipimo lina wateja wa miaka mingi: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Mteja akirudi baada ya miaka miwili mitatu, naandika kipimo kipya pembeni mwa kile cha zamani, na mara nyingi kilichosogea ni kiuno: sentimita 78, kisha 84, kisha 91. Wenye maduka, wabadilisha pesa wa barabarani, madereva wa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, watu wa kukaa kutwa na kula usiku. Jina langu halikuwamo, mpaka ilipofika harusi ya mdogo wangu, mwanafunzi wangu akanizungushia futi ili akate gauni la sare. Alisoma 97, akanyamaza, akapima tena.

Nashona Kenya, si nchi bali komini, yaani mtaa wa mji, hapa Lubumbashi, Kongo. Aliyeishi mji huu anajua: umeme hukatika asubuhi, ukarudi saa nne usiku au saa sita, na fundi mwenye overloki, mashine ya kufunga kingo za nguo, na pasi ya umeme hufuata umeme, hafuati jua. Agosti ni mashati meupe na sketi za bluu za wanafunzi. Februari ni vikwembe, vitambaa vya sare vya tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, ambavyo kila kundi la akina mama huvinunua kwa kuchelewa na kuvitaka mapema. Desemba sisemi. Misimu hiyo saa zangu zilipita 70 kwa wiki bila shida. Sheria ya kazi ya Kongo imeweka 45 kwa wiki na 9 kwa siku, lakini hiyo inamlinda aliyeajiriwa. Aliyejiajiri ni yeye bosi, ni yeye anayenyonywa.

Kituo cha afya walinipima tansio, yaani presha, wakakuta 16 kwa 10, ambayo wengine huandika 160 kwa 100. Kuanzia 14 kwa 9, ikirudia hivyo siku tofauti, hiyo ni presha. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa gramu 1,18 kwa lita. Kisukari huanza 1,26, kwa hiyo nilikuwa mlangoni, sijaingia. Sikuwa na kichwa kuuma wala kizunguzungu, na wengi wenye presha hawasikii chochote. Daktari akasema, "Mama, punguza kazi." Nikamjibu, "Daktari, anayenipangia saa ni umeme." Akacheka. Yeye mwenyewe alikuwa anamalizia zamu ya usiku.

Alinieleza vizuri lakini, na baadaye nikasoma zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huendana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na wanaofanya saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 pekee walikadiria vifo 745,000 vya kiharusi na moyo kutokana na saa hizo ndefu. Njia zenyewe si za ajabu. Mtu anayekimbizana na kazi, mwili wake humwaga homoni za mfadhaiko, mapigo ya moyo yakaongezeka na mishipa ikabana. Asipolala vya kutosha, presha haipati ule muda wa usiku wa kushuka, insulini inafanya kazi vibaya, na njaa inaongezeka. Akikaa tu, misuli mikubwa ya mapaja haifanyi kazi, kwa hiyo haichomi sukari iliyo kwenye damu.

Halafu kuna kile kinacholiwa saa saba za usiku. Kwangu ilikuwa maandazi na chupa ya sukre, yaani soda, baridi ya kufukuza usingizi. Chupa ya sentilita 33 hubeba karibu gramu 35 za sukari, kama vijiko tisa vya chai. Nyumbani bukari, yaani ugali, ilikuwa inaningoja na makayabu, samaki wa chumvi, na mchuzi wenye kyubu mbili za kiungo. Chumvi inayoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hapo inahesabiwa yote, pamoja na ile iliyojificha ndani ya kyubu na samaki.

Kupunguza chakula kulikuwa rahisi kuliko kupunguza saa. Nilianza kwa kuigawa kazi. Kukata, kushona mishono iliyonyooka na kuweka vifungo havihitaji umeme, basi nikamrudisha kazini cherehani wa miguu wa marehemu mama yangu, aliyekuwa kona amefunikwa kitambaa, na pasi ya makaa, ambayo huwashwa nje kwa sababu ya moshi. Overloki inangoja. Umeme ukija jioni tunamaliza zote kwa pamoja. Ukija baada ya saa tatu usiku, utatukuta tumefunga. Meza ya kukatia niliiinua kwa matofali ili nikate nimesimama, na kila nguo ikiisha nainuka kuitundika mwenyewe badala ya kumtuma mtoto. Nyumbani narudi kwa miguu, karibu nusu saa.

Wateja ndio walionitoa jasho. Niliandika ukutani: avansi nusu, yaani nusu ya malipo mbele, na baada ya tarehe 20 Februari sipokei kikwembe cha Machi. Siku mbili baadaye akaja mmoja wa wale wa tangu zamani, vitambaa sita begani, vya kikundi kizima cha kanisa.

"Yaya, dada yangu mkubwa, mimi nami unanihesabu na wageni?"

"Hapana, mdogo wangu. Wageni walileta mapema."

Alikasirika, akaondoka navyo. Machi ile nilipata pesa kidogo kuliko mwaka uliotangulia, na mume wangu aliniuliza mara kadhaa kama nina uhakika. Agosti ikaja hesabu nyingine, kwa sababu wazazi walikuwa wamezoea ukutani pameandikwa nini, na sare zilianza kuingia Julai.

Kidonge cha presha nakimeza kila asubuhi. Siwezi kusema ni kidonge kilichoshusha au ni usingizi, na sikiachi ili nijue. Jirani yangu aliacha chake alipoona namba zimekuwa nzuri, zikapanda tena. Mara ya mwisho nilikuwa 13 kwa 8, sukari 1,04. Kiuno ni 93, ambacho kwa mwanamke bado kimezidi, maana zaidi ya 88 moyo na sukari vinakuwa hatarini sana.

Wale ninaowakatalia hupokelewa na fundi mwenzangu wa mlango wa tatu. Taa yake huwaka mpaka alfajiri. Nilimwambia twende pamoja akapimwe, akasema ataenda, akishamaliza vya tarehe 8.